Tupeane uzoefu: tuliosoma sanaa za mkono na za kompyuta chuoni

Mleta mada, Mjini Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeileta mada hii kwa ajili yetu tuliosoma, au tunaosoma, sanaa chuoni, kuanzia penseli, rangi na nakshi mpaka michoro ya kompyuta. Naomba kila mmoja aeleze pahala ambapo mkono ulimsahihisha kwenye kompyuta, au kompyuta ilimsahihisha mkono. Nitaanza mwenyewe.

Katika mwaka wa pili tulitakiwa tuchore kwa kompyuta mlango mmoja wa Mji Mkongwe. Nilichagua wa Kiarabu, ule ambao fremu yake imenyooka juu, nikauacha wa Kihindi wenye tao, kwa kuwa nilidhani mistari iliyonyooka itanipunguzia kazi. Nilipiga picha, nikaiweka katika tabaka la chini, kisha nikafuatisha juu yake mnyororo wa pembeni, mayungiyungi na magamba ya samaki, mstari baada ya mstari, kwa masiku matatu. Kazi ilikuwa safi, lakini mlango ulionekana kama uliochorwa juu ya kitambaa. Mwalimu hakunikemea. Alinipeleka kwa fundi wa nakshi, mzee mmoja aliyenipa tindo, nyundo na kipande cha mbao ya mfenesi, akanitaka nichonge jani moja tu.

Jani lile lilinichukua siku mbili. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba fundi halichongi jani, bali huiondoa mbao iliyolizunguka, na kwamba kile ambacho macho yetu hukiita mstari ni kivuli kilichokaa ndani ya mchongo. Nikarudi mlangoni asubuhi, nikarudi tena alasiri, nikachora kwa penseli vivuli peke yake, na nikaona jinsi ua lile lile linavyobadilika jua linapohama. Nilipoifungua tena kazi yangu kwenye kompyuta niliifuta mistari yote, nikaujenga mlango upya kwa giza na mwangaza. Kwa maoni yangu, chuo kinachompa mwanafunzi programu kabla ya penseli kinamdhulumu.

Mchangiaji kutoka Wete

Waalaykum salaam dada yangu. Mimi aliyenisahihisha ni bibi yangu, na hakupata kuigusa kompyuta maishani mwake. Kwa kazi ya kumaliza masomo nilitaka kubuni mapambo mapya ya mkeka. Nilichora viraba vidogo vidogo kwenye kompyuta, nikavijaza zambarau, kijani na rangi ya ukindu usiotiwa rangi, kila kiraba kwa nilivyopenda, kisha nikamwonyesha. Akautazama mchoro kwa muda mrefu, akaniambia: “Mwanangu, hii haisukiki.”

Akakaa nami barazani akanionyesha sababu. Ukili, yaani ule utepe uliosukwa ambao hushonwa ukawa mkeka, husukwa kwa mshazari, kila chane, yaani ukanda mwembamba wa ukindu, hupita juu ya nyengine na kuzama chini yake, na rangi husafiri pamoja na chane yake mpaka mwisho. Kwa hivyo kila kiraba kina rangi mbili tu za kuchagua, za zile chane mbili zinazokutana pale, na msukaji huchagua ipi iwe juu. Mimi nilikuwa nimeweka kijani pahala ambapo hapakuwa na chane ya kijani ya kufika. Miaka mitatu ya chuo sikuwahi kufundishwa kwamba rangi ina njia ya kupita, na nasikitika kwamba elimu hii, ambayo mama zetu wanayo mikononi, haimo katika mitaala tuliyosomeshwa.

Mchangiaji kutoka Chake Chake

Dada mleta mada, kwa heshima, juu ya penseli sikubaliani nawe kikamilifu. Karatasi nzuri za rangi za maji zilikuwa ghali kwetu, na hofu ya kuziharibu ilinifanya nichore kwa woga. Krita na Blender ni programu za bure za michoro ya kompyuta, na uwezo wa kutengua kosa ulinipa ujasiri wa kujaribu umbo moja mara ishirini. Ujasiri huo ndio niliourudisha kwenye karatasi.

Mchangiaji kutoka Mkokotoni

Somo langu lilikuwa chungu zaidi. Nilichora ngalawa juu ya bahari ya buluu inayong'aa, picha yenye upana wa pikseli 1080, nikaipeleka ichapishwe kwa upana wa sentimita 60 kwa ajili ya maonyesho ya chuo. Hesabu yake ni nukta 46 hivi kwa kila inchi, ilhali kazi ya kutazamwa kwa karibu huhitaji 300. Tanga likatoka na kingo za ngazi ngazi. Buluu nayo ilififia, kwa sababu kioo cha kompyuta huumba rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, lakini mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na wino hauwezi kuifikia kila rangi ya mwanga. Mwenzangu aliyechora kwa rangi za mafuta alikuwa akiiona rangi yake halisi tangu siku ya kwanza. Sasa, kabla sijaanza kazi yoyote, kwanza naamua itaishi kwenye kioo au ukutani.

Mleta mada, Mjini Unguja

Ahsanteni sana. Kaka wa Chake Chake, hoja yako ya woga naipokea. Dada wa Wete, ule mchoro uliishia wapi?

Mchangiaji kutoka Wete

Niliuchora upya, dada. Safari hii nilianza kwa kuchora chane zenyewe, zote za mshazari, kila moja na rangi yake kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo nikaamua ipi ipite juu. Bibi aliutazama, akaomba ukindu, akasuka pima moja jioni ile ile. Pahala pawili alinigeuzia chane bila kuniuliza, nami nikaurekebisha mchoro ufuate ukili wake.