Waandaaji wa Grammy, zile tuzo za muziki za Marekani, waliwapandisha Tribe jukwaani, kwenye uteuzi wakawapiga chini. Inakera!

Wakuu, miaka imepita lakini hili bado linanichoma. Kila nikisoma mtu anadai A Tribe Called Quest, lile kundi la hip hop la New York, "walipewa heshima yao yote" napandwa na hasira.

Novemba 8, 2016 Wamarekani walimchagua Trump. Siku tatu baadaye Tribe wakaachia We Got It from Here... Thank You 4 Your Service, albamu yao ya kwanza tangu 1998, ikatua moja kwa moja namba moja Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani. Na acheni kusema walidandia upepo wa uchaguzi! Phife Dawg, rapa wa kundi, amechana humo ndani, na Phife kisukari kilimuondoa Machi 22 mwaka huohuo, akiwa na miaka 45. Marehemu anadandiaje upepo?

Hebu sikilizeni wimbo wao We the People. Kile kiitikio Q-Tip, rapa mwenzake Phife, anakiimba taratibu, karibu anabembeleza, huku akiwataja wanaotakiwa waondoke: weusi, Wamexico, maskini, kisha anawageukia Waislamu na mashoga. Amevaa sauti ya mbaguzi bila kupayuka hata kidogo, na ndiyo maana inatisha. Marapa wengi wangepiga kelele tu hapo.

Sasa Februari 2017 Grammy wakawaita. Rapa Busta Rhymes, aliyepanda nao, akambatiza Rais Trump "Agent Orange" (jina la ile sumu ya kuua mimea ya vita vya Vietnam) mbele ya kamera, akamshukuru kwa kejeli kwa jaribio lake lililogonga mwamba la kuwazuia Waislamu wasiingie Marekani. Ukuta wa jukwaani ukabomolewa, watu wa kila aina wakapanda, wakiwemo wanawake waliovaa hijabu, na Q-Tip akawa anarudiarudia kuwahimiza watu wapinge. Waandaaji wakaonekana majasiri kweli kweli.

Novemba mwaka huohuo majina ya wanaowania tuzo yakatoka. Tribe: sifuri. Si albamu bora ya rap, si wimbo, si chochote! Q-Tip alilipuka Instagram, na simlaumu. Mtu anakutumia kupamba shoo yake, ikifika kwenye kugawa anajifanya hakujui.

Najua mtaniambia rapa Kendrick Lamar, aliyebeba tuzo ya albamu bora ya rap, ndiye aliyestahili. Sibishi, jamaa ni moto, tena naye amechana kwenye albamu hiyohiyo ya Tribe. Lakini ushindi ni mmoja, nafasi za kuwania zilikuwa tano. Hata moja?

Wengine mtaniletea habari za Rock and Roll Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya wanamuziki wakubwa, 2024. Sawa, wameingizwa, hongera zao. Ile ni heshima ya jina lote, na hasa kazi za miaka ya 90. Mimi naongelea albamu hii, ambayo Phife alikuwa anapanda ndege kutoka California, na afya yake ile, kwenda kuirekodi nyumbani kwa Q-Tip kule New Jersey. Anayeona walistahili kuachwa aje na hoja. "Wazee wapumzike" si hoja.