Mafedayi wa Armenia: kwa nini bunduki zilizungukia Uajemi?

Mnazi_Mkinda: Wakuu, mafedayi, yaani wapiganaji wa msituni wa Kiarmenia, walipigana na dola ya Osmani (Uturuki) upande wa Van, Mush na Sasun tangu miaka ya 1890 hadi 1908. Urusi ilipakana na Waturuki hapo hapo Kars, na Warusi ni Wakristo kama wao. Kulikuwa na haja gani ya kuzungusha silaha hadi Tabriz, kule Uajemi?

Baharia wa Jangwani: Ukristo haukumshughulisha Tsar, mfalme wa Urusi, yeye alihofia wanamapinduzi ndani ya mipaka yake. Septemba 1890 Sarkis Gugunian alijaribu kuvuka kutokea upande wa Urusi na watu kama 125. Wakadakwa na Kosaki, askari wapanda farasi wa Tsar, na mwenyewe akapelekwa kifungoni Sakhalin, kisiwa cha mbali cha Urusi. Mpaka wa Uajemi ulilegea zaidi. Ndiyo maana Dashnak, chama cha wanamapinduzi wa Kiarmenia, wakaweka karakana yao ya silaha Tabriz, ikaitwa Khariskh, yaani nanga. Vipuri vya bunduki vilitoka Tula, mji wa viwanda vya silaha, Urusi hiyo hiyo, vikaunganishwa Tabriz. Kipuri hufichika mzigoni, bunduki nzima haifichiki. Kutoka hapo ni Salmas, bado Uajemi, kisha monasteri ya Derik karibu kabisa na mpaka, halafu milimani kuelekea Van.

Kibiriti Ngoma: Naongeza: kilichowatesa zaidi ni risasi. Bunduki zilikuwa aina tatu: risasi ya Berdan ya Kirusi ni milimita 10.75, Martini ya Waturuki 11.43, Mosin ya Kirusi 7.62. Kundi lenye mchanganyiko huo haliazimani hata risasi moja. Tena Berdan hujazwa risasi moja moja, na baruti yake nyeusi hutoa wingu la moshi. Ukifyatua tu, umeshajionyesha ulipo. Mosin hubeba risasi tano na moshi wake ni hafifu, basi kila mtu aliitaka hiyo.

Mnazi_Mkinda: Na lile shambulio la Khanasor je? Si walivuka mpaka mamia?

Baharia wa Jangwani: Kama 250, alfajiri ya 25 Julai 1897, kulipiza kisasi dhidi ya kabila la Kikurdi la Mazrik, kwa ajili ya Waarmenia walinzi wa Van waliouawa 1896 wakikimbilia Uajemi. Ila lile lilikuwa shambulio la kupiga na kurudi. Jeshi la ukubwa ule halilishiki vijijini. Waliokaa ndani ya nchi ya Osmani, makamanda akina Serob, Andranik na Kevork Chavush, walitegemea vikundi vidogo: Novemba 1901 watu kama 30 hivi walizingirwa katika monasteri ya Arakelots karibu na Mush, wakastahimili karibu wiki tatu, kisha wakapenya usiku.

Kibiriti Ngoma: Kando kidogo: fedayi na “fidia” yetu ni shina moja la Kiarabu.