Kwa nini watu waliihama Kaole wakajenga Bagamoyo?

MkaziWaDunda aliuliza:

Asalaam alaykum, ndugu zangu wa pwani. Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Kaole, kilomita zipatazo 5 kusini mwa Bagamoyo, naye akaniuliza swali lililonishinda: mji huu wa mabaharia, wenye misikiti miwili ya mawe na makaburi ya nguzo, bahari yake iko wapi? Ukisimama msikitini huoni maji, unaona mikoko tu. Wapo wanaosema Bagamoyo ilijengwa na Wajerumani, jambo ambalo silikubali, kwa kuwa wao waliukuta mji umekwisha kusimama. Naomba wajuzi mnieleze watu waliihama Kaole kwa sababu gani, na kwa nini hawakwenda mbali.

MchomaChokaa alijibu:

Waalaykum salaam, mzee wangu. Mjukuu wako amegusa penyewe. Bandari ya Kaole iliingiwa na matope, na mikoko huota pale matope yanapotulia, kisha mizizi yake hukamata matope mengine, hata ufuko ukazidi kusogea mbele na vyombo vikawa vinashusha shehena mbali na mji. Ikumbukwe kwamba jahazi halikuhitaji gati wala kina kirefu. Lilihitaji mchanga mgumu: liliingia maji yakijaa, likakaa juu ya mchanga maji yakipwa, wapagazi wakaliendea kwa miguu, likaelea tena maji yaliporudi. Ufuko wa Bagamoyo ni wa namna hiyo hadi leo. Nenda penye soko la samaki maji yakiwa yamekupwa, utaziona mashua zimelala ubavu na vijana wakipita katikati yake na matenga kichwani.

Kwa hiyo, wale waliosogea kuelekea mwishoni mwa karne ya 18 walifuata mchanga, wakayaacha mashamba na makaburi ya wazee wao mahali pa kufikika kwa miguu. Hata ujenzi haukubadilika: mawe ya matumbawe, chokaa ya kuchoma na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba, upana wake kadiri ya mita 3, kwa kuwa boriti haiendi zaidi ya hapo. (Mti ule ule ulioiziba bandari ndio ulioezeka nyumba, mimi hunichekesha kila nikiufikiria.)

Mchanga huo huo ndio ulioiponza Bagamoyo zama za meli za moshi, ambazo zililazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1891 Wajerumani wakayahamishia Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao.

WaNgamiani alijibu:

Naafiki habari ya matope, ila kwetu Tanga haitoshi. Ghuba ya Tanga ilikuwapo siku zote, ina kina na imekingwa na upepo, lakini katika karne ya 19 misafara mingi ya bara ilikuwa ikishukia Pangani. Kilichoigeuza hali hiyo ni reli, iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 mkonge ukaingia nchini. Ngamiani, mitaa ya mjini Tanga ninakokaa, yenyewe inasimulia habari hiyo ya reli, kwa maana mitaa yake imenyooka na huitwa kwa namba, wakati vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo vimepinda vikifuata nyumba. Kwa maoni yangu, mji wa pwani huamuliwa na njia ya bara kuliko bahari.

MkaziWaDunda aliandika:

Nimewaelewa, ahsanteni sana. Kesho alfajiri nitampeleka kijana sokoni ajionee mashua zikiwa mchangani.

MchomaChokaa alijibu:

Kesho ni maji mafu, mzee wangu, hayatatoka sana. Subiri bamvua, yaani maji makubwa, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, na mfike saa nne asubuhi badala ya alfajiri.