Kakata utepe wa nishani ya babu kwa mkasi wa kucha, bibi anaangalia!

MjukuuWaKeya:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe. Yule mtu karudi tena. Sina haja ya kumtaja, mnamjua. Yule yule aliyeng'ang'ania kipaza sauti msibani mpaka jeneza likachelewa kushuka. Safari hii kauza nishani za babu.

Babu alikuwa keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki. Alikwenda Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, vita ya pili ya dunia, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye beji ya kichwa cha kifaru, wakapita bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua juu, tope magotini, hadi mto Chindwin. Alirudi na nishani tatu. Nyota ya 1939-1945, nyota ya Burma, na ile ya duara: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba kamkanyaga joka la vichwa viwili. Utotoni tulikuwa tunapigana nani amshike simba.

Sasa leo kaja na mnunuzi, hakuna taarifa wala kikao. Bibi kalitoa kopo la nishani kwa mkono wake mwenyewe, akidhani mgeni anataka kuziona tu. Yule mtu kachukua mkasi. Mkasi wa kucha jamani! Kakata utepe wa nyota ya Burma, ule wa buluu nzito wenye nyekundu katikati na michirizi ya chungwa. Eti "kitambaa kinanuka, mwenzetu anataka chuma." Mbele ya mama yake mzazi!

Bibi kainama, kaokota kile kitambaa sakafuni, kakifunga kwenye pindo la khanga pale anapofungaga hela. Hakusema neno.

Huyu mtu kivuli cha mwembe kingekuwa na bei angekiuza, mwembe ubaki unaungua jua. Ukisahau povu la sabuni kwenye beseni, ukirudi lina mteja. Lakini mkasi, wakuu. Mkasi wa kucha!

Kibuyu_Kikavu:
Pole sana mkuu. Huyo namfahamu, kila ukoo unaye. Wa kwetu aliuza mlango wa mbele, akasema wa uani unatosha.

MbishiHalisi:
Punguza kilio. Kopo limekaa chini ya kitanda cha bibi miaka yote hiyo, mjukuu gani alilifuta hata vumbi? Mwenzako kapata hela ndiyo Bama imekukumbuka.

MjukuuWaKeya:
Nilizishika Desemba! Na hata kama sikuzishika, mkasi unatokea wapi? Shangazi naye kanipigia sasa hivi anamtetea, eti "zilikuwa zinafanya kazi gani?" Nikamuuliza, shangazi, ulimwona mama yako alivyoinama? Kakata simu.

DadaWaPwani:
Hapo pa bibi kuinama nimeshindwa kuendelea kusoma. Wanaume wawili wazima wamesimama, ajuza ndiye anaokota?

MjukuuWaKeya:
Wamesimama, dada. Mmoja anahesabu hela, mwingine anapangusa mkasi kwenye suruali.

MzeeWaSarafu:
Kijana, mimi nakusanya sarafu na nishani siku nyingi. Huyo ndugu yako kajishusha bei mwenyewe. Wanaozitafuta wanataka seti iliyokamilika, utepe wake wa zamani ukiwepo, na karatasi za jeshi zikiwepo ndiyo kabisa. Natumaini hakuzisugua. Hebu niambie, ukingoni zina jina? Za vita ya 1914-1918 zilikuwa zinachongwa namba na jina la askari. Za vita ya pili Uingereza iliwapa askari wake bila jina.

MjukuuWaKeya:
Shikamoo mzee. Kazisugua. Kwa majivu na waya wa kusugulia masufuria, jana yake, simba kabaki hana uso. Na jina hazina, nimepapasa ukingo wote, laini tupu. Hicho ndicho kinachoniua. Hata nikikutana nazo sokoni kesho nitajuaje huyu ndiye simba wa babu? Chenye jasho lake kilikuwa ule utepe. Na ndio alioukata.

MzeeWaSarafu:
Marahaba. Kwa majivu? Basi niishie hapa, presha yangu haiko sawa.

WakiliWaKijiweni:
Tusimalize maneno. Msimamizi wa mirathi ni nani? Mali haijagawanywa, mrithi mmoja hawezi kuamka akauza. Mfuateni msimamizi atoe hesabu.

MjukuuWaKeya:
Msimamizi ndiye yeye.

MbishiHalisi:
Hahahaha! Nani alimchagua?

MjukuuWaKeya:
Kikao cha ukoo. Alikuwa ndiye mwenye kipaza sauti.

MtotoWaMstaafu:
Baba yangu alipigana vita vya Kagera 1978-79. Buti zake kaka kazivaa kulimia mpaka soli zikaisha. Hakuna aliyefungua uzi humu jukwaani kulalamika.

FundiNusu:
Afadhali nyinyi mmebaki na utepe. Marehemu mama aliniachia cherehani kwa mdomo wake, watu wanasikia. Nimesafiri siku tatu, narudi wifi kauza.

Kibuyu_Kikavu:
Ya mkono au ya miguu?

FundiNusu:
Ya miguu. Kauza kichwa, meza kaniachia. Nimebaki nakanyaga pedeli, mkanda unazunguka, hakuna kinachoshona.

DadaWaPwani:
Ee! Kichwa bila meza kanunua nani?

FundiNusu:
Jirani. Ukuta mmoja. Usiku kucha nakisikia kinashona.

MbishiHalisi:
Kinashona nini?

FundiNusu:
Sare za shule. Oda ile ile niliyokuwa nayo mimi.