Naomba ushauri: injini ya pampu inavuja oili hata baada ya kubadilishwa sili

Ndugu wanachama, heshima kwenu. Nina pampu ya kumwagilia nyanya yenye injini ya petroli ya silinda moja, nguvu ya farasi 5.5, inayobeba oili takriban lita 0.6. Inavuja upande wa pampu, na nyanya ndiyo kwanza zinatoa maua, kwa hiyo siwezi kuisimamisha muda mrefu.

Nilitenganisha injini na pampu, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaikausha na kunyunyiza poda ya watoto kuzunguka shafti (mhimili wa injini unaozungusha pampu), kisha nikaiwasha kwa dakika kumi. Mstari mweusi wa oili ulianzia kwenye shafti yenyewe, wala si kwenye gasketi (kizibo chembamba cha kwenye maungio). Fundi akabadilisha sili (pete ya mpira inayozuia oili kutoka kandokando ya shafti), lakini baada ya siku mbili ikavuja tena. Nikipitisha ukucha kwenye shafti, nahisi mfereji mwembamba pale mdomo wa sili unapokaa.

Je, sili mpya inaweza kuwekwa ndani au nje kidogo ili mdomo wake ukae mahali ambapo shafti haijalika? Pia, nitajuaje kama tundu la kupumulia la injini limeziba na shinikizo ndilo linalosukuma oili nje?