Gari la haibridi, pikapu ya haibridi au pikapu ya dizeli: ulinganisho wa mafuta na uimara

Mzigo Mwepesi (mwanzisha mada)

Habari zenu, wakuu. Nina pikapu ya dizeli ya milango minne ambayo imenihudumia kwa miaka 11, na sasa ninafikiria kuibadilisha. Kwa mwaka ninatembea takribani kilomita 30,000. Nikisema ukweli, robo tatu ya safari hizo ni za mjini, niko peke yangu na bodi ya nyuma ni tupu. Robo iliyobaki ni ya barabara kuu, na mara nyingine ninavuta tela. Wastani wangu ni kilomita 9 kwa lita. Nimebaki na njia tatu: gari dogo la haibridi (lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme), pikapu ya haibridi, au pikapu nyingine ya dizeli iliyo mpya zaidi. Ninaomba michango kuhusu mafuta na uimara tu. Habari za mwonekano na hadhi tuziachie uzi mwingine.

Daftari

Ndugu mwanzisha mada, kabla hujalinganisha magari, linganisha lita za mwaka mzima, kwa sababu hesabu ya kilomita kwa lita humpumbaza mtu bila yeye kujua. Chukua gari linalokwenda kilomita 20 kwa lita, ulibadilishe kwa linalokwenda 25: katika kilomita 20,000 umeokoa lita 200. Sasa chukua pikapu inayokwenda kilomita 8, uibadilishe kwa inayokwenda 10: umeokoa lita 500, ingawa tofauti inayoandikwa kwenye karatasi ni kilomita mbili tu. Kwa hiyo anayesema kwamba haibridi haina maana kwenye pikapu kwa kuwa “inaongeza kilomita mbili tu” hajapiga hesabu.

Kwa vipimo rasmi vya Marekani, nikivigeuza kutoka maili na galoni, Toyota Prius ya 2023 ya magurudumu mawili ya kuendesha hufikia kama kilomita 24 kwa lita. Ford Maverick ya haibridi ya 2022, ambayo ni pikapu ndogo, hufikia 15.7 kwa wastani. Ford F-150 ya haibridi ya 2021 yenye kuendesha magurudumu manne hufikia 10.2, ilhali ndugu yake wa injini ileile ya lita 3.5 isiyo na haibridi hufikia 8.5. Kwa kilomita zako 30,000, tofauti hiyo ya mwisho ni karibu lita 590 kwa mwaka.

Lita Kumi

Takwimu hizo ni sahihi, lakini zitazame mjini na barabara kuu kila moja peke yake. Hiyo Maverick hupata karibu kilomita 18 kwa lita mjini, kisha hushuka hadi 14 barabara kuu, yaani kinyume cha tulivyozoea kwenye magari ya kawaida. Sababu yake ni nyepesi. Haibridi hupata faida kwa kuzima injini kwenye foleni na kwa kurudisha betrini nguvu ambayo breki zingeipoteza kama joto. Ukienda kilomita 110 kwa saa bila kusimama hakuna foleni wala breki, na adui mkubwa ni upepo, ambao ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendo. Pikapu ina uso mpana na bodi iliyo wazi, na betri haina dawa ya hilo. Mtu ambaye kazi yake yote ni barabara kuu akiwa na mzigo, mimi bado ninamshauri abaki na dizeli.

Spana 14

Ninafanya kazi ya ufundi, kwa hiyo nitajibu upande wa uimara, na nitaomba radhi kwa urefu. Neno haibridi linabandikwa kwenye mitambo mitatu isiyofanana, na watu wengi huhukumu mmoja kwa makosa ya mwingine.

Kwenye gari kama Prius, injini na mota mbili zimeunganishwa na seti ya gia zinazozungukana. Humo hakuna klachi, hakuna stata ya kawaida, hakuna altaneta, wala giaboksi ya kubadilisha gia. Vitu vinavyotuletea wateja gereji vimeondolewa, na pedi za breki hudumu sana kwa kuwa mota ndizo zinazopunguza mwendo mara nyingi. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima mwaka 2011 Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 320,000 ikiwa na betri yake ya awali, na matumizi yake ya mafuta yalikuwa karibu yaleyale ya gari la aina hiyo walilolipima likiwa jipya.

Kwenye F-150 mambo ni mengine. Turbo mbili zimebaki, giaboksi ya gia kumi imebaki, na mota ya kilowati 35 imeongezwa ndani yake. Sisemi ni mbovu. Ninasema vya kuharibika havijapungua sana. Aina ya tatu ni ya volti 48, kama ile ya Toyota Hilux ya dizeli, ambamo mota ya kilowati 12 huisaidia injini kupitia mkanda. Husaidia kuondoka kwa ulaini, lakini haiwezi kuliendesha gari kwa umeme peke yake, kwa hiyo usitarajie akiba ya Prius.

Haibridi nayo ina madhaifu yake. Filta ya feni ya betri kubwa, ambayo mara nyingi iko karibu na kiti cha nyuma, ikiziba vumbi, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Wenye magari wengi hawajui hata kama ipo. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa. Nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi asiyejifunza umeme wa volti nyingi.

Lita Kumi

Na dizeli mpya, mkuu?

Spana 14

Kwa safari fupi za mjini, dizeli ya kisasa huumia. Filta ya masizi kwenye ekzosi hujisafisha kwa joto la safari ndefu, isipoipata, huziba. Nozeli za sasa nazo hazivumilii maji kwenye mafuta kama zile za zamani. Dizeli yako ya miaka 11 na dizeli mpya si mnyama mmoja.

Mzigo Mwepesi

Nimeelewa, na nilikuwa nimeshaielekea pikapu ndogo ya haibridi. Jana nilipima tela langu likiwa limejaa: kilo 1,200.

Daftari

Basi hapo umejijibu. Kikomo cha Maverick ya haibridi ya 2022 ni kilo 907 za kuvuta. Lakini jaribu hesabu hii. Ukiwa na pikapu hiyo pekee, kilomita zote 30,000 zingekula kama lita 1,910. Ukinunua gari dogo la haibridi lililotumika, linalokwenda kilomita 22 kwa lita, kwa kilomita 22,500 za mjini, na ukiiachia pikapu yako 7,500 za barabara kuu na tela, jumla ni kama lita 1,860. Leo unatumia lita 3,330. Dizeli hubeba nguvu zaidi katika kila lita, kwa hiyo lita hizi hazilingani kabisa, ila picha haibadiliki. Linganisha tofauti hiyo na gharama ya kutunza magari mawili.

Mzigo Mwepesi

Sikuwa nimefikiria kubaki nayo. Nafasi ya kuegesha ninayo. Spana 14, pikapu ikisimama wiki tatu mfululizo haitaharibika?

Spana 14

Haitaharibika, mradi usiwe unaiwasha dakika tano na kuizima. Ikiwa yako ina ile filta ya masizi, kila ikitoka itoke safari ndefu, angalau nusu saa ya mwendo wa barabara kuu. Chomoa waya wa betri ikikaa muda mrefu, jaza upepo wa tairi kabla ya kufunga tela, na oili uibadilishe kwa kufuata tarehe hata kama kilomita hazijafika.