Dalali wa magari ya usukani wa kushoto amenipunja London, na gari langu limeonekana Liège likiwa limerudishwa nyuma kilomita 109,000

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu najua humu wapo Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura wanaoishi Ulaya ambao leo au kesho watahama nchi wakiwa na gari. Dalali aliyenunua gari langu hapa Barking, mashariki mwa London, hajanimalizia pauni 450 hadi leo. Faini alizozichuma yeye zimekuja kwa jina langu. Na gari lenyewe, ambalo liliondoka mlangoni kwangu likisoma kilomita 227,350, limetangazwa kuuzwa nchini Ubelgiji likisoma 118,000. Jina la kampuni yake silitaji kwa kuwa madai yangu dhidi yake hayajaamuliwa.

Gari hilo ni Volkswagen Touran la mwaka 2012, la dizeli, lenye viti saba. Nililinunua Liège, Ubelgiji, mwaka 2018 nilipokuwa naishi Aachen, mji wa Ujerumani uliobanwa kwenye kona ya nchi tatu, ambako mtu anaweza kunywa chai nyumbani, akanunua mkate Vaals upande wa Uholanzi na kujaza mafuta Ubelgiji kabla ya saa sita mchana. Muuzaji alikuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Kabla hata sijauliza, alinitolea Car-Pass, ile karatasi ambayo sheria ya Ubelgiji imeilazimisha tangu mwaka 2006 katika kuuza gari lililotumika, yenye orodha ya kilomita zilizosomwa kila gari lilipoingia gereji au kwenye ukaguzi, tarehe kwa tarehe. Mstari wa mwisho ulisema 96,204. Kwa kuwa gari lilikuwa limeshapita miezi 6 na kilomita 6,000, kisheria halikuhesabiwa kuwa jipya, hivyo sikudaiwa VAT upande wa Ujerumani. Nililipeleka kwa wakaguzi, nikawasilisha karatasi za Ubelgiji, nikapewa namba za Aachen. Neno ushuru sikulisikia kwa mtu yeyote. Usukani ulikuwa kushoto na barabara zetu zilikuwa za kulia, na sikumbuki kama niliwahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja.

Nilianza kuliwaza Desemba 2022, nilipohamia London kikazi. Uingereza ilikuwa imeshatoka kwenye soko la pamoja la Ulaya tangu mwisho wa mwaka 2020, na gari linalovuka bahari kuja huku huhesabiwa kuwa mzigo kutoka ng'ambo. Ipo nafuu kwa mtu anayehama makazi: kama umeishi nje ya Uingereza kwa miezi 12 na gari umelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 6, unaliingiza bila ushuru wa forodha na bila VAT. Nafuu hiyo ina sharti moja ambalo nililitia saini bila kulitafakari sana, kwamba kwa miezi 12 tangu liingie huruhusiwi kuliuza, kulikodisha wala kuliazimisha, na ukifanya hivyo unalipa kodi zote ulizosamehewa. Nikabadilisha taa za mbele, kwa sababu taa za huko humulika kulia na hapa zinawapiga macho madereva wanaokuja. Taa ya ukungu ya nyuma nikaihamishia kulia. Nikapitisha MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa huku. Kadi ya usajili ya Uingereza ikatoka Februari 2023.

Kuishi na usukani wa kushoto London si jambo la kuua mtu, lakini linachosha. Kwenye maegesho ya hospitali mashine ya tiketi iko upande wa abiria, hivyo binti yangu wa miaka 11 ndiye aliyekuwa akifungua dirisha na kujivuta nje hadi kiunoni kuichukua, huku nyuma watu wanapiga honi. Siku nilipokuwa peke yangu nilishuka, nikazunguka gari, nikachukua tiketi, nikarudi mbio kabla kizuizi hakijashuka. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nimesahau upande wa kukaa.

Kilichonibana hasa ni tarehe 29 Agosti 2023, siku ambayo ULEZ, eneo ambamo magari yenye moshi mchafu hulipishwa, lilipanuliwa hadi wilaya zote za London. Dizeli isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku inayotembea humo, na langu ni Euro 5. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo hadi Desemba nilikuwa na gari ambalo nikiliendesha nalipa na nikiliuza nalipa. Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikulipeleka kwenye mpango wa kuharibu magari machafu, uliokuwa ukitoa pauni 2,000 kwa gari. Mpango ule ulitaka uwe mmiliki aliyesajiliwa kufikia tarehe 30 Januari 2023. Mimi kadi yangu, nimeshasema, ni ya Februari. Oktoba dalali mmoja aliniambia anaweza kulichukua kimyakimya kabla miezi 12 haijatimia, nikakataa. Laiti ningejua, huyo ndiye angekuwa mwaminifu kuliko aliyemfuata, maana angalau yeye alitangaza mapema kwamba ni mhalifu.

Januari 2024, nikiwa nimemaliza kifungo changu, nilimpigia mnunuzi anayejitangaza kwamba kazi yake ni magari ya usukani wa kushoto pekee, anayanunua Uingereza na kuyarudisha Ulaya bara. Nilimweleza kila kitu: mwaka, kilomita, Euro 5, mkwaruzo wa bampa ya nyuma, ufunguo mmoja badala ya miwili. Akanipa bei ya pauni 2,600, na akasisitiza niandae karatasi zote za zamani, hasa za Ujerumani za kuonyesha siku gari lilipofutwa kwenye usajili wa huko.

Alifika Jumamosi jioni, giza linaingia, na lori la kubebea magari, ameliacha linaunguruma katikati ya mtaa wetu mwembamba huku majirani wakichungulia. Alizunguka gari na kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi, akakibandika kwenye kila mlango bila kusema neno, kisha akataja pauni 1,400. Bampa, pauni 150. Ufunguo, pauni 150. Mkanda wa taimingi, ambao mimi mwenyewe nilimwambia kwamba fundi wa Ilford amesema umepitisha muda wake, pauni 300. Zilizobaki, akasema, ni ushuru wa 10% na usumbufu wa kuvukia bandari ya Calais, Ufaransa, na kwamba nikitaka nimtafute Mwingereza wa kulinunua. Alijua kwamba hayupo. Hilo ndilo linaloniumiza katika biashara hii: bei ya simu ni ya kukufanya uache kutafuta kwingine, na bei ya mlangoni inatajwa lori likiwa linaunguruma, watoto wana njaa na wewe umeshachoka na gari. Nikakubali 1,650.

Sasa kuhusu huo ushuru. Ni kweli kwamba gari lililotengenezwa Wolfsburg, likishavuka kuja Uingereza, likirudi Ujerumani linaweza kutozwa 10% ya forodha kana kwamba limetoka mwezini. Lakini sheria ya forodha ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kitu kilichotoka humo kurudi ndani ya miaka 3 bila ushuru huo, mradi kirudi kikiwa vilevile na uwepo ushahidi kwamba kilitoka humo. VAT ndiyo haisameheki kirahisi, kwa kuwa msamaha wake humtaka anayekirudisha awe yuleyule aliyekitoa. Gari langu lilikuwa limetoka Ujerumani miezi 13 tu kabla. Zile karatasi za Ujerumani alizonisisitizia kwenye simu ndizo ushahidi wenyewe unaotakiwa. Yaani mtu amenikata fedha kwa ajili ya ushuru huku mkononi ameshika karatasi, nilizompa mimi, za kumwepusha nao.

Alinitumia pauni 1,200 papo hapo na kuniambia 450 zitakuja akishapeleka taarifa kwamba gari limetoka nchini moja kwa moja. Akachukua kadi nzima, pamoja na ile sehemu ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuitumia kutoa taarifa. Hapa nakiri kosa. Muuzaji ndiye mwenye wajibu wa kuiarifu mamlaka ya usajili, na kazi hiyo inafanyika mtandaoni kwa dakika chache. Mimi nilimwachia mtu mwenye lori kwa sababu alizungumza kama anayeifanya kila siku. Wiki tatu baadaye zikaja barua mbili za ULEZ, kila moja pauni 180, nusu yake ukiwahi ndani ya siku 14. Gari lilikuwa linazunguka London kwa jina langu. Moja imefutwa baada ya kuonyesha uthibitisho wa benki, nyingine bado naipigania. Simu yake inaita mpaka inakatika.

Ningebaki kulalamikia fedha tu kama si rafiki yangu wa Bukavu aliyeko Liège. Mwezi Machi alikuwa anamtafutia shemeji yake gari la familia, na kwa kuwa Kongo wanaendesha kulia, usukani wa kushoto ndio hasa anaoutaka. Gari lingepakiwa Antwerp, lishuke Dar es Salaam na kuvuka nchi yetu kama mpita njia hadi kwao. Akanitumia tangazo kwenye WhatsApp na ujumbe mmoja: "Kaka, hii si gari yako?" Nilidhani anatania, kwa maana Touran za kijivu ni nyingi kama mchanga. Kisha nikaikuza picha ya nyuma. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na stika ya twiga ambayo binti yangu aliibandika Aachen na kujaribu kuibandua alipoona imekaa upande, ikachanika shingoni. Twiga asiye na kichwa. Bei: yuro 6,400. Kilomita: 118,000.

Rafiki yangu akaenda kuliona. Akaambiwa lilikuwa la babu mmoja aliyekuwa akienda nalo dukani tu, na alipoomba Car-Pass akapewa bila kigugumizi, nayo ikakubaliana na dashibodi: 96,204 mwaka 2018, sasa 118,000. Nilikaa na simu mkononi kwa muda mrefu kabla sijaelewa kwamba namba ile haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kwenye faili nililomkabidhi dalali kwa majivuno ya mtu anayetunza karatasi, niliweka ripoti zote za ukaguzi za Ujerumani, na chini kabisa ile Car-Pass ya mwalimu. Kwa hiyo aliyerudisha kilomita alijua hasa Ubelgiji inakumbuka nini juu ya gari hili, akaongeza kidogo juu yake, na ripoti za Ujerumani zikapotea. Za Uingereza hazimsumbui: kilomita za MOT mtu yeyote huziona bure mtandaoni, lakini kwa kuingiza namba ya gari, na namba ya Uingereza ilishang'olewa kabla gari halijafika sokoni.

Hii ndiyo faida ya mpaka kwa watu hawa. Bunge la Ulaya lilitaja mwaka 2018 makadirio kwamba magari yaliyochezewa kilomita ni kati ya 5% na 12% katika mauzo ya ndani ya nchi, lakini kati ya 30% na 50% katika yale yanayovuka mipaka. Miaka yote niliyoishi Aachen niliona takwimu za namna hiyo nikadhani zinawahusu watu wanaonunua kwenye yadi za gizani. Sikufikiri kwamba karatasi halali kabisa, iliyotolewa na mama mwaminifu, ndiyo ingetumika kuoshea uongo.

Rafiki yangu hakulinunua. Alitoa taarifa kwa polisi wa huko nami nikatuma picha ya dashibodi niliyoipiga asubuhi ya siku ya kuuza, lakini siku tatu baadaye tangazo lilikuwa limeondolewa, na yadi ikasema gari limeshauzwa "kwa ajili ya Afrika".

Kwa hiyo, kama uko Bukavu, Uvira, Bujumbura au popote wanapoendesha kulia, na umeletewa Touran la kijivu la mwaka 2012 lenye twiga aliyekatika shingo kwenye kioo cha nyuma, tafadhali usiisikilize dashibodi. Mkanda wa taimingi ulio humo ni uleule uliotoka nao kiwandani, umeshatembea zaidi ya kilomita 227,000, na ukikatika injini inakwenda nao. Ubadilishe wiki hii, kisha niandikie hapa, nina picha zote.